Cheo ninacho mimi, funguo za stoo anazo Mzee

Shangazi, shikamoo. Naomba usinitaje jina wala mahali ninapofanyia kazi, maana Tanga ni ndogo na watu wanasoma.

Mimi ni mama wa miaka 36, nakaa Makorora, na kazi yangu iko kwenye kiwanda kimoja cha mkonge nje kidogo ya mji. Niliingia kama karani wa mizani. Mwaka jana nikapewa barua ya kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Chini yangu wapo watu wasiopungua 40: akina mama wa brashi, yaani mashine za kusafishia singa (nyuzi za mkonge), vijana wa kufunga belo na mafundi wawili. Kwenye karatasi mimi ndiye mkubwa wao. Ukija kiwandani utaona mkubwa wao ni mtu ambaye hata kwenye zamu yangu hayumo.

Mtu huyo ni mtunza stoo. Ana miaka 58, yupo pale tangu enzi za wamiliki waliotangulia, na kila mtu anamwita Mzee tu. Funguo za stoo anazo yeye peke yake, kazifunga kiunoni kwa kamba ya mkonge. Leja ipo, lakini ukiifungua unakuta kurasa nzima hazijajazwa. Hesabu kamili iko kichwani mwake. Ukitaka beringi, mkanda, hata nati, sharti umfuate, naye anakujibu anavyojisikia. "Hakuna, mwanangu. Tumeagiza." Mwezi uliopita mashine moja ya brashi ilikufa beringi saa nne asubuhi. Nikajaza fomu, nikampelekea kwa mkono wangu. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema hakuna. Mashine ikalala mpaka zamu yangu ikaisha. Kesho yake nafika, mashine inazunguka: zamu ya usiku walipewa beringi kutoka stoo ile ile. Ripoti ya wiki ikatoka, zamu yangu imeshuka.

Kwenye glovu ndiyo usiseme. Anazigawa kwa akina mama anaowataka yeye, wale wa kumpelekea maandazi asubuhi. Wengine wanashika singa kwa mikono mitupu, vidole vimechanika. Nikisema, ananijibu kwa upole mbele yao: "Mwanangu, tulia, kazi utaizoea." Shangazi, mtu anayekuita mwanangu unamfokea vipi?

Nilitoa agizo fundi asiende stoo bila saini yangu. Wakaitikia, na tangu siku hiyo matengenezo ya dakika ishirini yanachukua nusu siku.

Meneja anajua yote. Kwenye kikao tulikubaliana kila zamu iwe na kasha lake dogo la spea za dharura. Likaandikwa, wote tukasikia. Jumatatu tukaambiwa mpango umesimamishwa. Baadaye ndipo nikaelewa: Meneja na Mzee wote ni watu wa Pangani, na usiku baada ya Isha hukaa baraza moja ya kahawa Ngamiani. Mimi ni mwanamke, nina watoto, siendi kukaa barazani na wanaume saa tatu za usiku. Nilipomwuliza Meneja akanijibu, "Nyie watu wazima, malizaneni wenyewe."

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mwenzangu, msimamizi wa zamu ya jioni, kanitumia picha: bodaboda inatoka getini jua likizama, nyuma pamefungwa boksi, Mzee kasimama pembeni. Anasema ndani ni beringi mpya, zinauzwa mjini. Anataka mimi niipeleke makao makuu Dar es Salaam, kwa sababu "wewe ndiye uliyeumizwa zaidi". Mkuu wa uzalishaji anastaafu mwisho wa mwaka na nafasi yake itatangazwa. Mwenzangu anasema Mzee akiondoka, Meneja naye atayumba, na sisi tutapumua.

Mimi majungu siyawezi. Tangu nipate cheo nimekaa mbali na watu ili nisionekane ninajipendekeza. Nafanya kazi, narudi nyumbani. Hata mama mkwe wa Mzee alipofariki huko Pangani nilituma rambirambi kwa simu, nilikuwa zamu. Lakini naona wanaocheza siasa ndio wanaopanda. Niipeleke picha? Na nafasi ikitangazwa, niombe au ndiyo nitakuwa nimejitafutia balaa?

Mama wa Zamu, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nami nakuita mwanangu, ila mimi sina stoo.

Tuanze na picha, maana ndiyo inayokuunguza. Usiipeleke popote, wala usimrushie mtu mwingine. Itazame tena kwa utulivu. Inaonyesha boksi na pikipiki. Beringi hazionekani, na kibali cha getini hukuwahi kukiona, kiwe kilikuwepo au hakikuwepo. Boksi hilo linaweza kuwa na beringi, linaweza pia kuwa na samaki wa nyumbani kwake. Dar wakikuuliza, "Wewe uliona nini kwa macho yako?" utawajibu nini? Kisha mtazame aliyekuletea. Aliyepiga ni yeye, aliyekuwepo getini ni yeye, lakini jina analotaka litokee kwenye barua ni lako. Na hiyo nafasi ya mkuu wa uzalishaji, unadhani yeye haitaki? Mzee akifukuzwa au asifukuzwe, wewe utaingia kwenye usaili ukiwa "yule aliyemchoma Mzee", naye atakaa kwenye kiti cha pili kimya, hana doa.

Mwambie hivi: "Kama umeona mali inatoka bila kibali, andika ulichokiona, tarehe na saa, utie saini yako. Mimi nikiulizwa ya zamu yangu nitayasema." Uone kama ataandika.

Sikuambii ufumbie macho wizi. Ninachokwambia ni kwamba ipo njia ya kuujua ukweli bila kumtuhumu mtu: omba stoo ihesabiwe. Kuhesabu mali ni kazi ya kawaida ya idara ya uhasibu, haihitaji sababu yenye sura ya mtu. Liseme kikaoni kwa hoja ya uzalishaji, kwamba mashine za brashi zinalala kwa kukosa spea, kwa hiyo spea za brashi zihesabiwe sasa, mhasibu awepo, Mzee awepo, na wasimamizi wa zamu zote wawepo. Rafu zikipungua kuliko leja, itajulikana, na mwenye kufuatilia atafuatilia. Zikiwa sawa, mzee wa watu atakuwa ameepuka kuchafuliwa kwa picha ya boksi. Na kama leja yenyewe haisomeki, kama unavyosema, hilo nalo litaandikwa na mhasibu, si na wewe.

Sasa Mzee mwenyewe. Yaliyokupata wewe yalishaandikwa na mtu wa mbali kabisa, Mfaransa aliyeitwa Michel Crozier, mwanasosiolojia. Alikwenda kwenye viwanda vya tumbaku vya serikali ya Ufaransa, akachapisha aliyoyaona mwanzoni mwa miaka ya 1960. Viwanda vile kila kitu kilikuwa na kanuni: nani anapandishwa, nani anakaa wapi, kazi inaanzaje. Wasimamizi walikuwa na vyeo, lakini cheo kilikuwa hakina la kuamua, kila kitu kilishaamuliwa na kanuni. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa hakitabiriki, mashine kuharibika. Na waliojua kutengeneza mashine walikuwa mafundi peke yao. Ujuzi wao waliurithishana kwa mdomo, maandishi na michoro ya mashine haikuonekana, na msimamizi aliyejaribu kuwabana alikuta hana pa kushika. Wanawake waliokuwa kwenye mashine waliwaogopa mafundi kuliko walivyomwogopa msimamizi, maana mashine ikilala wao ndio walioumia.

Umemwona Mzee hapo? Leja isiyojazwa si uvivu. Leja ikijazwa, karani yeyote ataweza kutoa beringi, na Mzee atakuwa mzee wa kawaida mwenye kamba kiunoni. Na mafundi wako wawili nao umewaona. Ulipowawekea sharti la saini hawakubishana na wewe. Walikuachia saa zikuadhibu.

Miaka michache kabla ya Crozier, mwaka 1959, wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya mwenzake: cheo halali, uwezo wa kutoa zawadi, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na mapenzi au heshima ambayo watu wanayo kwako. Baadaye Raven akaongeza cha sita, habari. Mpime Mzee kwa hivyo. Glovu anazigawa kama zawadi. Beringi "hakuna" ni adhabu. Hesabu ya kichwani ni ujuzi na habari kwa pamoja. Umri wake, Pangani yake, kahawa yake na huyo "mwanangu" wake vinampa heshima. Kilichobaki ni cheo, na hicho ndicho kimoja ulichonacho wewe. Ndiyo maana mnavutana na wewe ndiye unayesogea.

Kwenye glovu hapo hakuna upole. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Si sadaka ya mtunza stoo, na mama wa brashi hapaswi kuvilipia kwa pesa wala kwa maandazi. Wewe ni msimamizi, mtu akikatwa kidole zamu yako utaulizwa wewe. Andika orodha ya majina yote ya zamu, mbele ya kila jina acha nafasi ya tarehe na saini ya kupokea. Omba kwa mkupuo, kwa wote, usiombee mmojammoja. Nakala kwa Meneja, nakala kwa mwakilishi wa usalama, na kama mna tawi la chama cha wafanyakazi nao wapate. Zikitoka, zigawiwe mwanzo wa zamu watu wote wakiwa wamesimama pale, kila mtu asaini. Usimseme Mzee hata neno moja. Wote wakishapata, mwenye kumpelekea maandazi atampelekea kwa mapenzi yake, na mimi sina ugomvi na maandazi.

Leja ni jambo lingine, haitaki mabavu. Mzee ana miaka 58. Umri wa kustaafu ni 60. Miaka miwili ijayo atakuwa amekaa nyumbani, na sidhani kama kuna mtu pale kiwandani amewahi kumwuliza, "Mzee, haya unayoyajua utamwachia nani?" Mtu ambaye thamani yake yote iko kichwani, akiona mtoto wa juzi anakuja na fomu, anachokiona ni mtu aliyekuja kumwondoa kabla ya siku zake. Mpelekee pendekezo la kijana wa stoo wa kumfundisha, barua itamke kwamba mkufunzi ni yeye, na kama kuna posho ya kufundisha ipiganie kwa Meneja. Leja itaanza kujazwa kwa sababu kijana hawezi kufundishwa kwenye kurasa tupu.

Na lile kasha la spea za dharura, unajua lilikufa kwa nini? Mlikwenda nalo kikaoni likiwa limeshaiva, na lilikuwa linamtoa Mzee kwenye kazi yake. Lirudishe kwa sura nyingine. Kasha likae kwenye zamu, lakini Mzee ndiye analijaza, ndiye analifunga kwa lakiri, na kila Jumamosi ndiye anayekuja kulihesabu na kusaini kilichotumika. Mueleze yeye kwanza, kabla Meneja hajasikia. Muulize aweke beringi namba ngapi na mikanda mingapi, maana kwa kweli anajua kuliko wewe. Akikataa, muulize anakataa nini hasa, kisha nyamaza umsikilize. Waliofungua kesi barazani usiku watakuwa hawana la kusema, kwa sababu mwenye stoo mwenyewe ameshatia mkono.

Mafundi, lifute lile agizo la saini. Badala yake weka daftari moja kwenye karakana: tarehe, mashine, kilichoharibika, kilichobadilishwa, saa iliyosimama, saa iliyowaka. Waombe wao ndio waandike. Halafu kijana mmoja mwenye mikono myepesi awe anasimama nao wakifanya kazi ndogondogo. Usifikiri nawatetea kwa sababu nawapenda mafundi. Nchi hii ina historia na wakubwa wa kutoa amri. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda wakaushika kwa mikono miwili. Migomo ilitokea mpaka 1973, na kuna mameneja waliofungiwa nje ya geti na watu waliodhani wako chini yao. Serikali yenyewe ndiyo iliyoingia kuizima. Watu unaowasimamia wamelelewa na wazazi walioyaona hayo. Ukali utakupa "ndiyo mama", na mashine itaendelea kulala.

Sasa ule msiba. Hapa naomba unisikilize vizuri, hata kama utanikasirikia. Tanga unaijua. Ulikuwa zamu siku ya mazishi, hilo linaeleweka. Lakini siku zilizofuata? Nenda. Kama arobaini haijapita nenda nayo, kama imepita nenda hivyo hivyo Ijumaa alasiri, uende na mumeo au dada yako, ukakae mkekani. Aliyefiwa na mama ni mke wa Mzee, kwa hiyo mpe pole yeye kwanza, ndiye mwenye uchungu. Kazi usiitaje hata mkiulizwa, sema tu "tunaendelea, tunamshukuru Mungu". Utaniambia huko ni kujipendekeza. Kujipendekeza ni kumwendea mwenye uwezo peke yake. Mwezi ujao mama wa brashi akifiwa na mtoto wa dada yake kule Pongwe, nenda vilevile, ukakae mkeka ule ule. Ukifanya hivyo kwa wote hakuna mwenye kukusema, na ukikaa nyumbani kwa wote, ndiyo hivyo, unabaki na barua yako ya cheo.

Umeandika kwamba wewe siasa huziwezi. Kumwona mtu kabla ya kikao, kujua anahofia nini, kumwachia mwingine sifa ya wazo lako, hizo nazo ni siasa za kazini na hazina uchafu wowote. Mimi kipimo changu ni chepesi: jambo unalotaka kulifanya, Mzee akilijua kesho utaweza kumtazama usoni? Kuomba stoo ihesabiwe, ndiyo. Kupeleka picha usiyoipiga wewe, kwa nyuma, hapana.

Anayenishangaza kuliko wote ni Meneja. Mzee analinda mkate wake, mwenzio anawinda kiti, hao nawaelewa. Lakini mtu anayelipwa kuamua, anasema "malizaneni wenyewe"! Kikao kimeamua mchana, yeye anatengua usiku kwenye kahawa, halafu anajitoa. Mpangilio huu unamfaa. Mzee anamletea habari za kiwanda chote bila yeye kutoka ofisini, na nyie wasimamizi mkigombana hamtakuwa na muda wa kumgombea yeye. Usitegemee abadilike kwa sababu ya haki. Atabadilika kwa sababu ya saa.

Kwa hiyo mpe saa. Toa kwenye lile daftari la karakana kila kusimama kwa mashine: imesimama lini, imewaka lini, fomu ya stoo ilipelekwa saa ngapi, jibu lilikuwa nini. Jina la mtu lisiwemo. Mwisho wa mwezi jumlisha. Belo la mkonge ni kilo 250, na wewe ulikuwa karani wa mizani, unajua kwa saa moja mashine hiyo inatoa kiasi gani. Igeuze saa kuwa belo, na belo kuwa pesa. Karatasi moja tu. Mfuate asubuhi na mapema kabla simu hazijaanza, mlango uache wazi ili wenye midomo wasipate pa kuanzia. Mwonyeshe, kisha muulize, "Meneja, kuna nini kitakachotuzuia tusifanye hivi?" Ukiuliza hivyo, pingamizi za barazani utazisikia mapema, kwa mdomo wake, na utakuja kikaoni ukiwa na majibu yake.

Na kikao kikiisha, usisubiri karani wa kikao. Jioni ile ile andika kwenye kundi la WhatsApp la kazini, kwa adabu: "Nashukuru kwa kikao cha leo. Nilivyoelewa tumekubaliana hili na hili, kuanzia Jumatatu, mhusika fulani. Kama nimekosea naomba nisahihishwe." Mzee yumo, Meneja yumo, mkuu wa uzalishaji yumo. Baraza ya kahawa itaendelea kama kawaida, hakuna anayeweza kuizuia na wala usijaribu. Ila anayetaka kutengua sasa itabidi atengue mchana, kwa maandishi, watu wakisoma.

Tafuta pia barua yako ya ajira uisome, na kama cheo kipya hakina maelezo ya kazi, yaombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, na maelezo ya kazi yamo. Ukishayapata utajua kama kuagiza spea za zamu ni kazi yako au unaomba fadhila. Likitokea la kutokea ukaachishwa kazi kwa njia isiyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka upeleke lalamiko ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Sioni kama mtafika huko, lakini mtu anayezijua tarehe hizo anazungumza kwa sauti nyingine.

Nafasi ikitangazwa, omba. Usimwulize mwenzio kama anaomba, na akikuuliza wewe mwambie ndiyo, bila maelezo. Usiseme kwenye usaili kwamba Mzee alikukwamisha. Sema zamu yako ilikuwa inapoteza saa kadhaa kwa mwezi na sasa inapoteza chache zaidi, onyesha daftari, na useme mafundi ndio walioliandika. Kama kasha limeshaanza, sema Mzee ndiye anayelihesabu. Wanaokusaili watampigia simu Meneja, na Meneja atamwuliza Mzee, hilo lijue tangu sasa. Barua ya maombi ipeleke masijala mwenyewe, usimtume mtu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.